Lori Lililomkataa Mwenyewe

Wanawake waliokuwa wakirudi na mizigo ya majani ya ng'ombe walisimama njiani kuitazama miguu ya Elinipendo. Ni miguu tu iliyoonekana. Sehemu nyingine ya mwili wake ilikuwa chini ya lori, pamoja na kitambaa cheusi cha msiba alichojifunga kichwani. Kila nyundo ilipogonga chuma, vidole vya miguu vilijikunja.

"Mama Yuditha!" aliita Magdalena, jirani wa ng'ambo ya mfereji. "Umepata mume mwingine huko chini?"

Wenzake walicheka, kisha wakaziba midomo kwa aibu. Kaburi la Aminieli, mume wa Elinipendo, lilikuwa pale pale kihambani, katikati ya migomba ya nyumbani, nyuma kidogo ya lori, na udongo wake haujaota hata jani.

"Nimempata," Elinipendo alijibu kutoka chini. "Ila ni mzito na hasemi. Mlete wa kwako aje anisaidie kumshusha."

Magdalena ndiye aliyecheka peke yake safari hii. Alitua mzigo wake wa majani ukutani, akapumzika, akalitazama lori. Mahindi yake yalikuwa yanakauka kwenye shamba la chini, upande wa Bomang'ombe, kama yalivyokuwa ya nusu ya wanawake waliosimama pale. Kila mwaka Aminieli ndiye aliyeyapandisha, mahindi kwanza, kisha mabua ya kulisha ng'ombe waliofungwa mabandani. Mwaka huu hakuna aliyejua atayapandisha nani.

Lori lilikuwa Bedford kuukuu, na lilikufa siku ile ile lilipotakiwa kufanya kazi ndogo kuliko zote lililowahi kufanya. Lilikuwa limebeba jeneza la Aminieli kutoka hospitalini Moshi, Primus, mdogo wa marehemu, akiendesha. Lilipofika mlimani, juu kidogo ya daraja la mawe, lilipiga ukelele, likatoa mlio wa chuma kinachokatika, likasimama. Injini iliunguruma lakini magurudumu hayakuzunguka. Wanaume wakalishusha jeneza, wakampandisha Aminieli mlima mzima mabegani, jasho likiwatiririka ndani ya makoti ya kanisani. Kabla hata hajazikwa maneno yalikuwa yameshafika kila jiko: gari limemkataa mwenyewe.

Baada ya matanga lori lilivutwa na trekta mpaka nyumbani, na ukoo ukasema liuzwe. Kulikuwa na mtu wa Tarakea aliyekuwa tayari kulichukua na kulikatakata. Elinipendo alisema haliuzwi. Alipewa muda wa kujaribu, lakini kwa sauti ambayo mtu humpa mtoto ruhusa ya kuchezea moto uliokwisha kuzimika.

*

Basili, utingo wa Aminieli tangu ujana wake, ndiye aliyekuwa naye chini ya lori. Hakuwa fundi. Lakini miaka aliyokaa juu ya mizigo ya lori lile, akishuka kuweka kigingi kwenye gurudumu kila liliposhindwa, ilimfundisha kila nati iliyokuwamo. Elinipendo naye alikuwa amemshikia mumewe spana mara nyingi kiasi kwamba alijua kuziita kwa namba zake.

Walishachomoa shafti za magurudumu na kuifungua propela, ule mhimili mrefu wa katikati. Lililobaki lilikuwa kichwa cha difu chenyewe, lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, lenye meno yanayopokea nguvu ya injini na kuigeuza izungushe magurudumu. Jeki haikuwapo, ya Aminieli ilikuwa imeazimwa na kupotea zamani. Basili alikata migomba iliyokwisha kuzaa, akaipanga chini ya difu tabaka juu ya tabaka mpaka ikaligusa. Nati ya mwisho ilipotoka, difu liliikalia migomba, nayo ikatoa maji.

"Sasa tulilaze kama mgonjwa," alisema.

Akaanza kuikata migomba ya chini kwa panga, kipande kwa kipande. Kila alipokata, shina lilibonyea na chuma kikashuka kidogo, mpaka kikawa chini kabisa, kimelala ndani ya utelezi. Wakakivuta uani kwa kamba, kikiteleza vizuri kama mbuzi anayejua njia ya kwao.

Basili alichungulia ndani. Pinioni, ile gia ndogo ya mbele, ilikuwa imekatika meno. Krauni, ile kubwa inayozungushwa nayo, ilikuwa imetafunika upande mzima. Hilo walilitegemea. Lakini katikati ya meno kulikuwa na kitu cheusi, kizito, chenye nyuzi. Basili alichovya kidole, akakinusa, akakinusa tena.

"Oili imeungua?" Elinipendo aliuliza.

"Hii siyo oili, mama. Nusa mwenyewe."

Alinusa. Alikuwa ameanza kumenya ndizi kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni lake, na pua yake haikuhitaji kuuliza mara mbili. Ilikuwa harufu ya sufuria ya kiburu iliyosahauliwa mekoni.

"Ndizi," alisema. "Ndizi mbichi."

"Ndiyo. Madalali ndio hufanya hivi." Basili alikuwa hamtazami. "Difu likilia, wanalijaza ndizi mbichi zilizopondwa, wanachanganya na grisi. Linanyamaza. Aliyelinunua akifika kwake, zimeshaungua na meno yamekwisha."

"Lakini hili hakuna aliyeliuza."

"Hakuna."

Basili alifuta kidole kwenye suruali, akakifuta tena ingawa kilikuwa kimeshatakata. "Mama, unakumbuka mzee alipolazwa, Primus akalichukua kwenda Tarakea na shehena ya vitunguu? Mimi aliniacha. Lilitoka hapa linalia kama fisi. Liliporudi lilikuwa kimya kabisa, tukasema Primus ana mkono mzuri."

Elinipendo alikumbuka. Alikumbuka alivyotoka hospitalini siku ile na kulikuta uani.

"Nikamchinjia jogoo," alisema polepole.

"Na mimi nikala shingo," alisema Basili.

Elinipendo aliingia ndani akatoka na kopo la samli. Akajaza ule uchafu mweusi kwa kijiko kikuukuu, akalifunika kwa jani la mgomba, akalifunga kwa kamba ya mgomba huo huo.

*

Primus alipopata habari kwamba difu limefunguliwa, alimwomba baba yao mkubwa, mzee Yohana, aite kikao upesi. Walikutana nyumbani kwa mzee. Mbege, pombe ya ndizi, ilizunguka kwa kata moja, wanaume wakiwa kwenye mabenchi, Elinipendo na mama mkwe wake, Martha, wakiwa karibu na mlango.

"Shikamoo, baba," Elinipendo alimwambia mzee Yohana.

"Marahaba, mwanangu. Tunasikia umekuwa mtu wa gereji."

Watu wakacheka kidogo. Primus hakucheka. Alikuwa mtu mrefu, mwenye leseni ya magari makubwa, na alipozungumza alipenda kusimama.

"Mimi sina nia mbaya na shemeji," alisema. "Lakini tuseme ukweli. Gari lililomkataa mwenyewe akiwa ndani ya jeneza, litamfaa nani? Mtu wa Tarakea hatangoja. Kila siku linapokaa pale, kutu inakula. Na watu wanacheka. Mjane yuko chini ya lori, miguu nje! Mama yetu akipita anaficha uso."

"Sijaficha uso," alisema Martha.

"Mama, nasema kwa mfano."

"Mfano wako uuache uso wangu."

Elinipendo alinyanyuka. Alikuwa amelificha kopo chini ya kanga. Alivuka sakafu, akaliweka kwenye mapaja ya Primus, aliyekuwa ndiyo kwanza ameketi.

"Hiki ulikisahau kwenye lori, shemeji," alisema. "Nimekirudisha."

Primus alifungua kamba akitabasamu, kama mtu anayerudishiwa kofia. Aliinua jani. Tabasamu lilibaki usoni muda mfupi baada ya macho kuacha kutabasamu. Alilirudisha jani, akalibana kwa kiganja.

"Ni kitu gani?" aliuliza mzee Yohana.

Elinipendo alikuwa bado amesimama. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, tayari, kila moja na mahali pake. Alikuwa ameyapanga tangu asubuhi. Akageuka akamwona Martha pale mlangoni, mikono imekunjwa. Martha alikuwa amezika mtoto mmoja mwishoni mwa mvua za masika, na aliyebaki alikuwa huyu aliyekalia benchi na kopo mapajani. Elinipendo akayameza maneno, akarudi akaketi.

"Primus," alisema mzee. "Nimeuliza."

"Ni grisi, baba."

"Haya. Umesema gari liuzwe."

Primus alilishika kopo kwa mikono miwili. "Nimesema. Lakini... mwacheni ajaribu kwanza. Mpaka mahindi ya chini yavunwe. Akishindwa, hapo tutaongea."

Wazee walitazamana. Hakuna aliyeelewa, lakini kwa kuwa mbege ilikuwa bado ipo, hakuna aliyebisha.

Njiani kurudi, Martha alitembea mbele, fimbo yake ikigusa kila jiwe. "Umempa nini mwanangu?"

"Kitu chake, mama."

"Macho yangu ni mabovu," alisema Martha. "Pua yangu ni nzima. Grisi hainuki ndizi."

*

Surjit alikuwa na yadi ya vyuma chakavu Shirimatunda, nje kidogo ya mji. Aminieli alikuwa rafiki yake. Walitukanana kwa miaka mingi kuhusu bei ya kila kitu. Alipowaona Elinipendo na Basili wanaingia na gunia lenye krauni, alivua miwani.

"Pole, mama. Sikuja mazikoni. Nilikuwa Dodoma, niliambiwa nikiwa nimerudi."

"Tumeshapoa, Bwana Surjit."

"Hapana. Hamjapoa." Akaangalia gunia. "Haya, niletee huyo marehemu mwingine."

Alizigeuza gia mkononi, akapitisha kidole kwenye meno, akaguna. "Hili difu halikufa, mama. Limeuawa. Limetembea bila oili."

Basili alisema wanahitaji pinioni tu. Krauni ingeweza kusuguliwa ile sehemu iliyotafunika. Surjit alitikisa kichwa mpaka kilemba kikatikisika.

"Hii ni mume na mke, Basili! Wamekua pamoja, wamesagana pamoja. Ukimtoa mmoja ukaleta mgeni, watapigana mpaka wavunje nyumba. Mmoja akifa, na mwingine hutupw..."

Aliziweka gia chini taratibu sana.

"Samahani, mama. Mdomo wangu hauna breki."

"Sema tu," alisema Elinipendo. "Nataka kujua. Unayo jozi nyingine?"

Surjit alitazama geti, kisha akawaongoza nyuma ya yadi, kwenye lundo la mabati. "Mwaka jana wakati wa msako wa walanguzi niliogopa nikafukia kila kitu," alisema akiyavuta mabati. "Nilifukia hata misumari. Mke wangu Usha akaniuliza, na mimi utanifukia wapi?" Chini ya mabati kulikuwa na difu la Bedford iliyopinduka zamani, limeganda kwa kutu nje. Ndani, meno yalikuwa mazima, krauni na pinioni yake, pamoja na beringi ambazo Basili alizizungusha akizisikiliza kama mtu anayepima moyo.

"Sina cha kukupa leo," alisema Elinipendo.

"Nataka kujenga ukuta wa yadi hii. Lori likipona, utaniletea mawe ya mtoni mpaka ukuta uishe."

"Nitaleta."

"Na lisipopona?"

"Nitayaleta kichwani."

Surjit alimtazama Basili, akamgeukia tena Elinipendo. "Aminieli alikuwa anasema wewe ndiye unayemtisha," alisema. "Nilidhani ni utani."

*

Kulifunga difu kulikuwa kugumu kuliko kulifungua. Pinioni na krauni zilipaswa kugusana katikati ya jino, si pembeni, si juu. Ili kuzisogeza, Basili alikata visahani vyembamba kutoka kwenye makopo ya samli na kuviweka nyuma ya beringi. Ili kuona zinagusana wapi, mafundi wa mjini hupaka rangi. Wao hawakuwa nayo. Elinipendo alikwangua masizi kwenye chungu, akayachanganya na samli kidogo, akapaka meno kwa unyoya wa kuku. Walizungusha gia kwa mkono. Alama ilitokea pembeni kabisa ya jino.

Wakafungua, wakaongeza kisahani, wakafunga, wakapaka, wakazungusha. Ikahamia juu. Wakafungua tena. Siku ya pili mikono ya Basili ilikuwa imechubuka na hasira zilikuwa karibu.

"Mama, sasa imesogea. Haiko katikati, lakini iko. Itatembea."

"Itatembea mpaka wapi?"

"Mpaka shambani itafika."

"Na kurudi na mzigo?"

Basili alifuta spana kwa shati.

"Basili, nimeshapanda lori la kufika nusu ya njia. Fungua."

Alifungua. Alikuwa anatukana kwa Kichagga, taratibu, akidhani hasikiki, na Elinipendo alikuwa anakwangua masizi mengine kwenye chungu. Ilipofika wakati ambao kivuli cha nyumba kilikuwa kimeligusa kaburi, alama ilikaa katikati ya jino, nyeusi, safi, kila jino sawa na jirani yake. Hakuna aliyeshangilia. Basili alikwenda mferejini kunawa, akakaa huko muda mrefu.

Kulipandisha difu walikuja wanawake. Magdalena aliwaita. Wakashika ncha ya mti mrefu wa mgrevilea, wakaukalia kama mzani, difu likanyanyuka mpaka mahali pake, Basili akikimbiza nati chini yake.

"Haraka, Basili!" alipiga kelele Magdalena. "Sisi si magunia!"

"Mngekuwa magunia lingekuwa limeshapanda zamani!"

Likabaki jambo moja. Oili. Oili nzito ya difu haikuwapo madukani Moshi, haikuwapo Bomang'ombe. Kulikosemekana kuwa ipo walitaka kibali, na aliyetoa kibali alitaka barua ya kijiji, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa semina. Mahindi yalikuwa yameshaanza kuvunwa. Mtu wa Tarakea alikuwa ametuma salamu.

"Tunaweza kuchanganya oili chafu ya injini," alisema Basili, "tukaongeza grisi, au tukaweka..." Akajishika mdomo.

"Malizia," alisema Elinipendo.

"Sina la kumalizia, mama."

*

Primus alikuja asubuhi wakati Elinipendo akikamua. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi lisilo la mlimani. Alibeba dumu la oili begani. Alilitua mlangoni mwa banda, na hapo Elinipendo akaona jani la isale limefungwa fundo kwenye mkono wa dumu.

Aliacha kukamua. Jani lile lilikuwa limekatwa kwenye mpaka wa shamba la Martha. Hakuna mwingine kijijini aliyekuwa na isale lenye mistari ya njano kama lile. Na kila mtu wa mlimani anajua kwamba anayeletewa isale anaweza kuwa na hasira, anaweza kulia, lakini hawezi kukataa kusamehe.

"Nimetoka Tarakea," alisema Primus. "Nimenunua kwa watu wa upande wa pili wa mpaka."

Elinipendo aliisogeza kando ndoo ya maziwa.

"Sikuwa na nia ya kuliua, shemeji. Lilikuwa limeanza kulia na oili haikupatikana. Vitunguu vilikuwa vinaoza na kaka alikuwa anahitaji dawa. Nikaambiwa weka ndizi, litafika. Nikajua nikirudi nitalifungua. Halafu kaka..." Alitazama kaburi, akaondoa macho. "Pale mlimani liliposimama, watu wakasema limemkataa. Nikawaacha waseme."

"Hilo ndilo," alisema Elinipendo.

"Ndiyo. Najua ndilo."

"Ndizi ningekusamehe siku ile ile. Ungeniambia, ningekuwa nimeshasahau. Lakini umemwacha kaka yako alale pale na jina la mtu aliyekataliwa na chuma chake mwenyewe."

Primus alisimama mikono imening'inia. Ng'ombe aligeuza kichwa kuona kwa nini ameachwa.

Elinipendo aliinuka, akalifungua jani kwenye dumu, akalichomeka kwenye fundo la kitambaa chake cheusi. "Isale nimelipokea," alisema. "Yale maneno utayarudisha wewe. Baba Yohana utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako. Na lori utaliendesha wewe, mchana, watu wakuone."

"Nitamwambia leo."

"Sasa mimina."

Primus alijilaza chini ya lori, shati jeupe juu ya matope ya migomba. Basili alimpa mpira wa kumiminia bila kumsalimia. Oili iliingia polepole, nzito kama asali, na hakuna aliyeondoka mpaka ilipoanza kufurika kwenye tundu.

*

Siku ile waliyopandisha mahindi ya kwanza, wanawake walikaa juu ya magunia, Magdalena akiwa juu kabisa, na Basili amesimama nyuma na kigingi chake mkononi. Mbele alikaa Primus, na pembeni yake Elinipendo, kitambaa cheusi bado kichwani. Mzee Yohana alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa amesikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba mwenye kusema jambo hilo kanisani ni Primus, wala si yeye, na Primus alikuwa amelisema, Jumapili, baada ya matangazo, mbele ya watu wote, mama yake akiwa benchi la mbele ameinua uso.

Walivuka daraja la mawe. Mlima ulianza. Primus alishusha gia, na lori likaegemea mzigo wake. Elinipendo hakusikiliza injini. Alisikiliza nyuma, chini. Difu halikuwa kimya. Lilikuwa linaguna, sauti nzito ya chini, sawasawa, bila kupanda wala kushuka, na aliisikia kwenye nyayo kabla ya masikioni.

Juu, wanawake walijishika kwenye magunia. Kila mmoja alipajua mahali pale. Alama za magurudumu zilishafutwa na mvua, lakini kulikuwa na jiwe kubwa kando ya barabara, ambapo wanaume walilipumzisha jeneza kabla ya kulinyanyua.

Primus alianza kupunguza mwendo.

"Shemeji," alisema, "niruhusu nisimame kidogo. Nimwombe kaka radhi hapa."

Elinipendo alilitazama jiwe likija, likiwa mbele, likiwa ubavuni mwa dirisha.

"Usisimame," alisema. "Hapa tulishasimama."

Primus akakanyaga mafuta.